Shasi na Karoseri: Historia ya Gari la Delahaye na Somo la Neno Moja

Utangulizi

Katika toleo hili tumeona vyema tutoke kidogo nje ya mada tulizozizoea za sarufi na ushairi, tuzungumzie historia ya gari. Huenda wapo watakaojiuliza gari linahusiana vipi na idara ya Kiswahili. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwa kueleza kwanza jambo lililotupata darasani.

Katika somo la tafsiri tuliwapa wanafunzi wetu kifungu cha Kifaransa kuhusu gari la kale liitwalo Delahaye 135, lililotengenezwa Paris kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Tulikichagua kwa sababu kilikuwa kifupi na kilijaa istilahi. Matokeo yalituchekesha na kutusikitisha kwa pamoja. Maneno "grand tourisme", ambayo kwa Kifaransa hutaja gari lenye kasi na starehe, linaloweza kumfikisha mtu mbali bila kumchosha, yalitafsiriwa na wanafunzi kadhaa kuwa "utalii mkubwa". Neno "carrosserie" liliandikwa na wengi kuwa "mwili wa gari". Mwanafunzi mmoja tu aliandika "karoseri". Tulilikata neno lake kwa wino mwekundu, tukaandika pembeni kwamba kukopa neno bila kutafuta la Kiswahili ni uvivu, kisha tukampunguzia alama mbili.

Alipopata karatasi yake alitufuata ofisini. Kwa adabu kabisa alisema: "Mwalimu, samahani. Nyumbani kwetu Buyenzi neno ni hilo. Baba yangu ni fundi wa karoseri. Sijasikia mtu akimwita fundi wa mwili." Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Buyenzi, kwenye gereji za barabarani ambako wengi wetu hupeleka magari yetu yakiharibika, tukamuuliza mzee mmoja aliyekuwa akigonga bati. Alitusikiliza, akaweka nyundo chini, akatuonyesha lori lililokuwa limevuliwa kila kitu. "Hii ni shasi," alisema. "Hii ndiyo mifupa. Inatoka kiwandani. Karoseri ni nguo. Nguo inashonwa hapa." Kwa maneno hayo machache alikuwa ametueleza historia nzima ya kifungu tulichokuwa tumekifundisha bila kukielewa. Makala haya yanakusudia kuieleza historia hiyo kwa urefu.

Enzi ya gari la kushonewa

Msomaji wa Bujumbura anafahamu vizuri utaratibu wa kununua kitenge. Unakwenda sokoni, unachagua kitambaa, kisha unakipeleka kwa fundi cherehani. Fundi anakupima, mnakubaliana mshono, na baada ya siku kadhaa unarudi kuchukua vazi lisilofanana na la mwingine. Aliyefuma kitambaa na aliyekishona ni watu wawili tofauti, na kila mmoja ana sifa yake.

Hivyo ndivyo magari ya fahari yalivyonunuliwa Ulaya hadi miaka ya 1930 na kidogo baada ya hapo. Kiwanda kiliuza shasi, yaani fremu ya chuma pamoja na injini, sanduku la gia, springi, usukani, breki na magurudumu. Shasi hiyo iliweza kuendeshwa barabarani, lakini haikuwa na milango, viti wala paa. Mnunuzi aliipeleka kwa nyumba nyingine kabisa, nyumba ya mafundi wa karoseri, akaeleza anachotaka: milango miwili au minne, paa la kukunja au la kudumu, rangi gani, ngozi gani ya viti. Mafundi walijenga kwanza kiunzi cha mbao ngumu juu ya shasi, kisha wakakivika mabati ya chuma au alumini waliyoyakunja na kuyagonga kwa mkono hadi yakapata umbo.

Asili ya neno lenyewe inaeleza jambo hili. "Carrosserie" limetokana na "carrosse", yaani gari la fahari la kukokotwa na farasi, na Wafaransa walilipata neno hilo kutoka Italia. Mafundi waliojenga magari ya farasi ndio waliohamia kwenye magari ya injini. Farasi aliondoka, shasi ikaja, lakini fundi alibaki na nyundo yake na randa yake.

Ndiyo maana "mwili wa gari" hautoshi. Mtu hazaliwi bila mwili halafu akaupeleka kwa fundi. Gari la miaka ile lilizaliwa bila karoseri.

Nyumba ya malori

Sasa tuitazame kampuni ya Delahaye. Ilianzishwa na Émile Delahaye katika mji wa Tours mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye ikahamia Paris, ambako karakana zake zilikuwa katika mtaa wa Rue du Banquier. Baada ya mwanzilishi kustaafu mwaka 1901, Charles Weiffenbach ndiye aliyekuja kuiongoza kwa miaka mingi, na wafanyakazi walimwita kwa heshima "Bwana Charles".

Kwa muda mrefu Delahaye haikuwa na sifa ya uzuri wala kasi. Ilijulikana kwa malori na magari ya zimamoto, na magari yake madogo yalikuwa imara, ya kuaminika, na yasiyovutia macho. Mdororo wa uchumi wa miaka ya mwanzo ya 1930 uliyumbisha soko la magari, na uongozi wa kampuni ukaona kwamba magari imara peke yake hayatauzika tena. Hapo ndipo ulipoamua kutengeneza gari jepesi lenye kasi.

Kazi ya kulibuni gari hilo alipewa mhandisi Jean François. Kampuni ndogo kama ile haikuwa na fedha za kubuni kila kitu upya, kwa hiyo injini yake ya silinda sita ilitokana na injini ambayo kampuni ilikuwa tayari ikiitumia kwenye malori. Injini ya lori haina mbwembwe, lakini imezoea kazi ngumu ya saa nyingi bila kuvunjika, na sifa hiyo ndiyo inayotakiwa katika mashindano marefu. Mhandisi aliiweka kwenye shasi mpya, ya chini na imara, ambayo magurudumu ya mbele yaliachiwa kila moja kupanda na kushuka peke yake badala ya kufungwa kwenye ekseli moja. Gari hilo, Delahaye 135, lilionyeshwa Paris mwaka 1935. Injini yake ilianza na ukubwa wa lita 3.2, na mwaka uliofuata ikafikishwa lita 3.5. Wateja waliotaka kasi zaidi walipata injini yenye kabureta tatu, na wengine walichagua sanduku la gia la Cotal, ambalo dereva alibadilishia gia kwa kijiti kidogo karibu na usukani, umeme ukafanya kazi iliyobaki.

Kutoka uwanjani hadi barabarani

Gari jipya lilihitaji kujulikana, na njia ya kujulikana ilikuwa mashindano. Mwaka 1936 mashindano makuu ya Ufaransa yaliendeshwa kwa ajili ya magari ya michezo katika uwanja wa Montlhéry, karibu na Paris. Bugatti ilishika nafasi ya kwanza, lakini nafasi ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano zote zilikwenda kwa Delahaye. Januari 1937 Delahaye ilishinda safari ya magari ya Monte Carlo, na mwaka 1938 Eugène Chaboud na Jean Trémoulet waliipa ushindi katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, huku Delahaye nyingine ikishika nafasi ya pili.

Hapa yafaa tueleze maana ya kusema kwamba gari la barabarani limetokana na mashindano. Toleo la mashindano liliendeshwa saa nyingi kwa nguvu zipatazo 160 za farasi. Kila kilichovunjika kilirudi karakanani, kikachunguzwa na kuimarishwa. Mteja aliyenunua shasi ya kawaida alipata breki, springi na injini zilizokwisha kujaribiwa na watu waliohatarisha maisha yao. Tofauti ilikuwa kwamba gari la uwanjani lilivikwa bati jepesi lisilo na starehe, na lake lilipelekwa kwa fundi wa fahari.

Sisi wa Afrika Mashariki na Kati tunao mfano wetu wa jambo hili. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa na Peugeot 404 mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Dereva wa ushindi wa mwaka 1966 na 1967 alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Baada ya matope yale hakukuwa na haja ya kumshawishi mtu kwa maneno kwamba Peugeot inavumilia barabara zetu. Uwanja wa mashindano ulikuwa umekwisha kutoa ushahidi.

Dereva na jina lake

Historia ya Delahaye ina sura nyingine ambayo hatuwezi kuiruka. Miongoni mwa wateja wa Weiffenbach alikuwamo mwanamke tajiri mwenye asili ya Marekani, Lucy O'Reilly Schell. Hakuwa mtazamaji tu. Mwaka 1936 yeye na mumewe Laury walishika nafasi ya pili katika safari ya Monte Carlo wakiendesha Delahaye. Miaka ile magari ya Ujerumani, Mercedes na Auto Union, yalikuwa yakishinda karibu kila shindano kubwa, na serikali ya Hitler ilikuwa ikiutumia ushindi huo kujitangaza. Bi Schell aliamua kutoa fedha zake ili Delahaye itengeneze gari la mashindano lenye injini ya silinda kumi na mbili, lita 4.5. Gari hilo lilipewa namba 145.

Dereva aliyemchagua alikuwa René Dreyfus, mzaliwa wa Nice, ambaye baba yake alikuwa Myahudi. Katika Ujerumani ya wakati ule mtu mwenye jina kama hilo hakuwa na nafasi katika timu za taifa, hata angekuwa na kipaji kiasi gani. Hakuulizwa anaendeshaje gari. Jina lilitosha. Kwa sisi wa nchi hii, ambao tumejionea gharama ya kumpima mtu kwa kuzaliwa kwake, habari hiyo haihitaji maelezo marefu.

Mwezi wa Agosti mwaka 1937, huko Montlhéry, Dreyfus aliendesha gari lile peke yake dhidi ya saa, akitafuta zawadi ya faranga milioni moja iliyowekwa kwa ajili ya gari la Kifaransa litakalotimiza kasi iliyopangwa katika umbali wa kilomita 200. Aliipata kwa tofauti ya sekunde chache tu.

Ushindi mkubwa zaidi ulikuja Aprili 1938 katika mji wa Pau, kusini mwa Ufaransa. Mashindano yalikuwa mizunguko 100 katika mitaa myembamba yenye kona kali. Mercedes ilikuwa na nguvu nyingi zaidi, kwani injini yake ilisukumiwa hewa kwa mashine maalumu, lakini nguvu hizo zililipiwa kwa mafuta mengi. Gari la Wajerumani lililazimika kusimama kuongeza mafuta. Delahaye haikusimama. Msomaji aliyewahi kupanga foleni ya mafuta katika jiji letu miaka hii ya karibuni ataelewa upesi kwa nini injini isiyo na tamaa iliishinda yenye nguvu. Dreyfus alifika wa kwanza.

Vita vilipoanza Dreyfus alikuwa katika jeshi la Ufaransa. Mwaka 1940 alipelekwa Marekani kushiriki mashindano ya Indianapolis, na akiwa huko nchi yake ikatekwa. Alibaki Marekani, akatumikia jeshi la nchi hiyo, na baada ya vita aliendesha mgahawa mjini New York hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1993.

Mwanamfalme na fundi

Turudi kwenye karoseri. Nyumba zilizoivika shasi ya Delahaye zilikuwa nyingi: Chapron, Guilloré, Letourneur et Marchand, Saoutchik na nyinginezo. Iliyovuma zaidi ilikuwa Figoni et Falaschi ya Boulogne, pembezoni mwa Paris. Joseph Figoni alizaliwa Italia na kuletwa Ufaransa akiwa mtoto. Ovidio Falaschi, Mwitalia mwenzake, alileta mtaji na akili ya biashara. Jacques Saoutchik alitoka katika milki ya Urusi na ujuzi wake wa kwanza ulikuwa wa kutengeneza samani. Kwa hiyo yale magari ambayo dunia inayaita fahari ya Ufaransa yalishonwa kwa sehemu kubwa na mikono ya wageni. Jina lililoandikwa mbele ya rejeta, hata hivyo, lilikuwa moja tu: Delahaye. Fundi alipata kibati kidogo cha jina lake chini, ubavuni mwa gari.

Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1936 Figoni alionyesha Delahaye yenye madigadi yaliyovimba na kufunika magurudumu yote manne, kama tone la maji linalodondoka. Wapo waliolisifu na wapo waliolikejeli. Waandishi wa historia ya magari wanaeleza kwamba gari hilo lilinunuliwa na Mwanamfalme Aly Khan, mwana wa Aga Khan wa tatu.

Jina hilo halihitaji kutambulishwa katika Afrika Mashariki. Tarehe 1 Machi 1937, miezi michache tu baada ya maonyesho yale, Aga Khan alipimwa kwa dhahabu jijini Nairobi kuadhimisha miaka 50 ya uongozi wake, na mwaka 1946 alipimwa kwa almasi jijini Dar es Salaam kuadhimisha miaka 60. Thamani ya almasi ile iligeuzwa kuwa mtaji wa kukopesha wanajumuiya wa Kiismailia kwa ajili ya nyumba na biashara. Hatulitafuti gari la Figoni katika barabara za Usumbura, jina la mji wetu wakati ule. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba dunia ya gari lile haikuwa mbali na yetu kama wanafunzi wetu walivyodhani. Familia ileile ilijulikana katika maonyesho ya Paris na katika maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi wa miji yetu. Na neno letu "gari" lenyewe limetufikia kutoka lugha za Bara Hindi kwa njia ya wafanyabiashara hao.

Kazi ilivyokufa

Kilichoiua kazi ya karoseri ya kushonwa kilikuwa kimekwisha kuzaliwa kabla Delahaye 135 haijatoka. Mwaka 1934 Citroën ilitoa gari lake la kukokotwa na magurudumu ya mbele, ambalo karoseri na fremu vilichomelewa vikawa kitu kimoja cha chuma. Utaratibu huo ulipunguza uzito na gharama, na uliwezesha kiwanda kutoa maelfu ya magari yanayofanana. Lakini gari la namna hiyo huwezi kulivua nguo ukalishonea nyingine. Nguo na mifupa ni kitu kimoja. Peugeot 404 ya Safari ilikuwa ya aina hiyo. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, nyumba iliyoanza kwa kushona karoseri moja moja, ikanusurika kwa kugeuka kuwa mchoraji wa viwanda vikubwa.

Baada ya vita serikali ya Ufaransa ilitoa kipaumbele kwa malori na magari madogo, na ikaweka kodi nzito kwa magari yenye injini kubwa. Wateja wa Delahaye walipungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1954 kampuni ilimezwa na Hotchkiss, na utengenezaji wa magari ya abiria ya Delahaye ukakoma. Nyumba nyingi za mafundi nazo zilifunga milango katika miaka hiyohiyo. Leo Delahaye iliyovikwa na Figoni huwekwa katika majumba ya makumbusho, au huuzwa mnadani kwa bei ambayo ingejenga shule kadhaa.

Kazi iliyobaki kwetu

Hapa ndipo mzee wetu wa Buyenzi alipotufundisha. Kazi ambayo Ulaya imeiweka makumbusho bado ni kazi ya kila siku katika ukanda wetu. Mabasi mengi yanayobeba abiria Kenya na Tanzania hufika bandarini yakiwa shasi na injini tu, na karoseri hujengwa na mafundi wa huku. Matatu ya Nairobi ya abiria 33 hujengwa juu ya shasi ya lori dogo la Isuzu: fundi anachomelea kiunzi, anakivika mabati, anaweka viti, madirisha na nakshi kadiri mwenye gari anavyotaka. Jambo lilelile lililofanyika Paris mwaka 1936, kuchukua nguvu ya lori na kuivika vazi la abiria, linafanyika leo Nairobi. Hapa Bujumbura lori linaloharibika karoseri halitupwi. Linavuliwa, shasi inanyooshwa, na vazi jipya linaanza kupimwa.

Kwa kuwa kazi ipo, maneno yapo. Tanzania na Kenya, waliotawaliwa na Waingereza, husema bodi, chesisi, injini na breki. Sisi, tuliotawaliwa na Wabelgiji waliotumia Kifaransa, tunasikia karoseri, shasi, moteri na feri, maneno tunayoshirikiana nayo na Kirundi na Kiswahili cha mashariki mwa Kongo. Pande zote mbili zimekopa. Tofauti ni kwamba mikopo ya upande mmoja imeingia katika kamusi, na ya upande wa pili imebaki gereji. Tulipomwandikia mwanafunzi wetu kwamba kukopa ni uvivu, tulisahau kwamba "bodi", ambalo tungempa alama zote, nalo ni mkopo.

Hatusemi kwamba kila neno la mtaani liingizwe katika tafsiri rasmi. Mwanafunzi anayeandikia wasomaji wa Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2007, hana budi kulijua neno "bodi" na kulitumia linapofaa. Lakini anayeandikia wasomaji wa Bujumbura au Uvira ana haki ya kuandika "karoseri", na mwalimu anapaswa kulitambua. Neno lisilofaa pote ni "mwili", kwa sababu hakuna fundi anayelitumia, na kwa sababu linaficha ukweli kwamba gari lilikuwa kazi ya nyumba mbili. Ama "grand tourisme", sisi tungependekeza "gari la kasi la safari ndefu". Ni refu kidogo, lakini halimpeleki mtu mbugani.

Hitimisho

Tumeona kwamba Delahaye 135 ilikuwa injini yenye asili ya lori, iliyojaribiwa katika mashindano, ikavikwa na mafundi ambao wengi wao walikuwa wageni. Dada yake mkubwa, ile ya silinda kumi na mbili, iligharimiwa na mwanamke na kupewa ushindi na dereva aliyekataliwa kwingine kwa ajili ya jina lake. Historia iliyoandikwa mbele ya rejeta ilihifadhi jina la kampuni. Mengine yote yanapatikana kwa anayeinama kusoma kibati cha ubavuni.

Sisi walimu tuna mazoea ya kusoma jina la mbele tu. Tumefundisha somo la tafsiri kwa zaidi ya miaka kumi, na hatuwezi kuhesabu ni maneno mangapi ya wazazi wa wanafunzi wetu tumeyakata kwa wino mwekundu: ya mafundi, ya wavuvi wa Tanganyika, ya mama wauza samaki. Wengi wa wanafunzi hao hawakuja ofisini. Walikubali, wakaandika "mwili", wakafaulu.

Mwanafunzi wetu tumemrudishia alama zake mbili na tumemwomba radhi mbele ya wenzake. Tumemwomba pia jambo moja, naye amekubali: akae na baba yake gerejini, ajaze daftari la majina ya kila kifaa na kila hatua ya kazi, kuanzia shasi ikiwa tupu hadi karoseri inapopakwa rangi. Tukijaliwa, orodha hiyo tutaichapisha katika toleo lijalo. Wasomaji wenye ndugu katika kazi nyingine, useremala, uvuvi, ushonaji, tunawaomba wafanye vivyo hivyo na kutuletea idarani.